Jana Saa Ngapi?

Maneno kwa wazazi na walezi kwenye mkutano wa mtaa, Mwananyamala, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali yetu ya mtaa, wajumbe wa mashina, shehe wetu na mchungaji wetu, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule ukutani: assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi. Viti vya mbele vitupu, karibuni mkae.

Mwenyekiti ameniomba nieleze mtu akipelekwa kufanyiwa tathmini ya matumizi ya pombe na dawa za kulevya anakutana na nini huko ndani. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na kuuliza maswali hayo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Lakini nitaanzia nyumbani kwetu, siku ambayo maswali hayo hayakuulizwa.

Mwaka 2009 mdogo wangu, tumbo moja na mimi, alikuwa anabwia unga, yaani heroini. Nyumbani tulijua sote. Iliondoka redio, ikaondoka pasi, ikaondoka doti ya khanga ambayo mama alikuwa hajaikata. Wazee wakakaa kikao wakaamua. Tukamdanganya kwamba anakwenda kumwona babu, hali yake mbaya. Tukampandisha teksi, mjomba mmoja kushoto, mwingine kulia, mimi mbele. Nilikuwa tayari muuguzi wakati huo, wodi ya wazazi, na sikufungua mdomo.

Tukafika kwenye nyumba moja nje ya mji iliyosemekana inawatibu vijana. Mpokeaji alikuwa na daftari la kaunta. Akauliza: anatumia nini? Mjomba akajibu: unga. Akaandika. Akauliza: nani atalipa? Mjomba akasema: sisi. Akaandika. Ikawa basi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi hatua mbili kutoka pale, na hakuna aliyemgeukia hata kumuuliza jina.

Angeulizwa, angesema kitu ambacho sisi ndugu tulikuwa hatukijui. Miezi ile, akikosa hela ya kete, yaani kipakiti cha unga, alikuwa anaziba pengo kwa gongo, ile pombe kali ya mtaani, kutoka asubuhi mpaka anapolala. Usiku wa pili akaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Wakasema ni arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, itapita, wakafunga mlango. Alfajiri akaanguka degedege. Akauma ulimi, akajipiga kichwa kwenye sakafu. Tuliitwa kumchukua saa tatu asubuhi, na shati lake lilikuwa limekauka damu kifuani.

Wazazi wenzangu, naomba mlishike hili kwa mikono miwili. Arosto ya unga ni mateso: mifupa inauma, tumbo linaharisha, mtu halali siku nne au tano. Lakini kwa mtu mzima ambaye hana ugonjwa mwingine mkubwa, ni nadra sana arosto hiyo kumuua. Kukatisha pombe ghafla, kwa mtu aliyekuwa anakunywa kwa wingi kila siku, ndiko kunakoweza kuua. Degedege huja ndani ya siku mbili za kwanza baada ya glasi ya mwisho, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne mtu anaweza kuweweseka, akaona wadudu ukutani, moyo ukaenda mbio, akafa. Kuna dawa za kuzuia hayo yote, na si dawa za ajabu, hospitali zinazo. Ila haziandikwi kama hakuna aliyeuliza kuhusu pombe. Na vidonge vya usingizi vya jamii ya Valium ni hivyo hivyo: aliyevizoea akiviacha ghafla, degedege linaweza kumfuata.

Ndiyo maana siku hizi nikikaa na mtu, ninauliza kila kitu, hata vile ambavyo anaona havinihusu. Unga, bangi, skanka ambayo ni bangi kali, mirungi, pombe ya dukani na ya mtaani, sigara, ugoro, vidonge, dawa za kikohozi, gundi. Kwa kila kimoja: ulianza na miaka mingapi, unatumia mara ngapi kwa siku, unavuta au unajidunga, unatumia peke yako au maskani na wenzako. Halafu ninauliza: mara ya mwisho ni lini?

Mtu anajibu: jana.

Ninauliza: jana saa ngapi?

Hapo wengi hunikazia macho, wanadhani ninawategeshea. Hapana. Arosto ya unga huanza kama saa sita mpaka kumi na mbili tangu kete ya mwisho. Nikijua saa, ninajua ninayemwona mbele yangu yuko wapi katika safari hiyo. Ndiyo maana ninamtazama pia mwilini. Mboni ya jicho la mtu aliyetoka kutumia huwa ndogo kama tundu la sindano. Akiwa kwenye arosto inafunguka, pua inachuruzika, anapiga miayo mfululizo, vinyweleo vinasimama mikononi ingawa joto la Dar wote tunalijua. Mapigo ya moyo tunayahesabu. Dalili hizi zina fomu yake, kila moja inapewa alama, na alama zikijumlishwa daktari anajua aanze na dawa ipi na kiasi gani.

Kiasi, ndugu zangu, ni jambo la uhai. Kuna vijana wanaoambizana maskani kwamba ukienda kwenye kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, taja kete nyingi ili upewe dozi kubwa. Methadoni inakaa mwilini muda mrefu, zaidi ya siku nzima, na dozi ya leo inakuta ya jana haijaisha. Kwa hiyo siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi: tunaanza kidogo na kupandisha polepole. Aliyetuongopea kwamba anatumia kete 20 kumbe ni 4, au aliyetuficha kwamba anakunywa pombe na vidonge vya usingizi juu yake, anaweza kulala usiku wa tatu pumzi ikakatika. Na yupo anayeficha upande wa pili. Ametoka mahabusu, au soba, ile nyumba wanakokaa wanaoacha dawa, miezi mitatu, mwili umesahau, lakini kwa aibu anasema hajawahi kuacha. Huyo naye akirudia kiwango chake cha zamani, kinaweza kumuua.

Sasa niwaeleze siku yenyewe inavyokwenda, maana najua wengi mnaogopa zaidi mlango kuliko kilichomo ndani.

Tathmini inachukua saa moja, saa moja na nusu, wakati mwingine inagawanywa siku mbili kama mtu amekuja hoi. Inafanyika kwenye chumba cha mazungumzo, meza na viti. Anayeuliza anaweza kuwa muuguzi, mshauri nasaha, afisa ustawi wa jamii, mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili. Mara nyingi mtu hupita kwa wawili watatu. Kitu cha kwanza anachotakiwa kuambiwa ni kwamba atakayoyasema yanabaki kwenye faili lake. Sisi si polisi. Hatuulizi unanunua kwa nani, na ukianza kumtaja tunakukatiza. Yapo mambo machache ambayo hatuwezi kuyanyamazia, kama mtu ana mpango wa kujiua au kuna mtoto anaumizwa, na hayo tunamwambia mapema kabla hajaanza kuzungumza. Kama hamkuambiwa, ulizeni. Ni haki yenu.

Kuna maswali yatakayoonekana yametoka mbali. Ulisoma mpaka darasa la ngapi? Unalala wapi? Nani alikuwa anakunywa pombe nyumbani ulipokuwa mdogo? Umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Umewahi kufikiria kujidhuru? Swali la sauti linawaudhi wengi, wanajibu, mimi si kichaa. Lakini skanka na bangi nyingi zinaweza kuamsha ugonjwa wa akili kwa baadhi ya watu, na pia yupo aliyekuwa anaumwa kabla, akaanza kuvuta ili zile sauti zipungue. Ukimtibu uraibu ukaacha ugonjwa, atarudi. Kulitambua hilo kunahitaji muda, wakati mwingine wiki kadhaa mtu akiwa hatumii, na familia inatakiwa kuvumilia tukisema bado hatujajua.

Kwa upande wa pombe tunatumia maswali kumi yaliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani. Kila jibu lina alama kuanzia sifuri mpaka nne. Kuanzia jumla ya 8 tunaanza kuwa na wasiwasi. Hapa nataka akina baba wanisikilize. Kipimo kimoja cha pombe kwenye maswali hayo ni gramu 10 za kilevi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Kwa hiyo anayesema "mimi ni bia tatu tu kila jioni" anakunywa vipimo sita kila jioni. Gongo haina lebo kabisa, na hapo ninaomba mtu anionyeshe kwa vidole glasi inafika wapi. Wengi wanapoona vidole vyao wenyewe vimefika wapi, wananyamaza kidogo.

Mkojo. Najua hili ndilo mnalolisubiri. Mtu anapewa kikopo, anaingia chooni, anatoka nacho kikiwa bado na joto la mwili. Kuna kipimajoto kidogo kimebandikwa ubavuni kwa sababu wapo wanaoleta mkojo wa jirani. Unga unaonekana kwenye mkojo siku mbili au tatu tu. Bangi kwa anayevuta kila siku inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Tramadol, kile kidonge cha maumivu, haionekani kwenye kipimo cha kawaida cha unga, inataka kipimo chake. Na aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini, ambayo ni jamii moja na unga, anaweza kuonekana kama mtumiaji wa unga.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu vipimo hivi sasa vinauzwa madukani, na wazazi wananunua na kuwapima watoto nyumbani. Nimepokea mama aliyekuja analia na kipimo mkononi, amekifunga kwenye leso, kina mistari miwili. Alikuwa ameshamfukuza binti yake usiku ule. Akaniambia, mistari miwili, nesi, si unaona? Kipimo cha ujauzito mistari miwili maana yake ndiyo. Cha dawa za kulevya ni kinyume: mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, maana yake dawa haikuonekana. Mstari mmoja tu penye herufi C ndio unaosema imeonekana, na hata huo unahitaji kuthibitishwa. Tulimtafuta yule binti kutwa nzima, tukampata kwa shoga yake Kigogo. Kipimo bila mtu wa kukisoma na mtu wa kumsikiliza aliyepimwa kinavunja nyumba. Msipime watoto wenu kwa kuvizia.

Damu huchukuliwa kwa ajili ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C, hasa kwa anayejidunga, na anaulizwa kuhusu kikohozi ili kifua kikuu kisipite. Yote kwa ridhaa yake. Kwa wanawake kuna kipimo cha ujauzito, na nataka niliseme kwa sauti kwa sababu linasababisha makosa makubwa mtaani: mjamzito anayetumia unga asiachishwe ghafla nyumbani. Arosto inaweza kumhatarisha mtoto aliye tumboni. Mleteni, aanzishwe methadoni akiwa mikononi mwa wataalamu. Wanawake wanatufikia wachache na wanatufikia wamechelewa, kwa sababu kijana wa kiume akibwia unga tunasema amepotea, binti akibwia tunamtungia majina. Mimi ninayasikia majina hayo kwenye daladala na yananichoma.

Mwisho wa maswali, mtaalamu anapima ukubwa wa tatizo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013 una dalili 11: kutumia zaidi ya ulivyokusudia, kujaribu kupunguza ukashindwa, hamu inayokukaba, kuacha wajibu wa kazini au nyumbani, kuendelea ingawa unaona inakuharibu, na kadhalika. Dalili mbili au tatu ndani ya miezi 12, tatizo ni dogo. Nne au tano, la kati. Sita na kuendelea, kubwa. Ninawatajia hili kwa sababu moja. Si kila anayepelekwa kwenye tathmini anatoka na barua ya kwenda soba. Kijana wa kidato cha nne aliyevuta bangi mara tano na kijana anayejidunga mara tatu kwa siku hawawezi kupewa tiba moja. Wa kwanza pengine anahitaji mazungumzo machache na mzazi anayerudi nyumbani mapema. Kumlaza miezi minne pamoja na watu waliobobea ni kumfundisha asichokijua.

Kwa anayetumia unga hapa Dar es Salaam, bahati tunayo. Kliniki ya kwanza ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na hapa kwetu Hospitali ya Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, halafu Temeke. Kwenye kliniki hizo za serikali dawa haiuzwi. Ni ya maji, kwa kawaida inanywewa dirishani mbele ya mhudumu wa afya, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Baada ya kunywa unasema neno, tujue umemeza. Kwa hiyo kwenye tathmini utaulizwa unaishi wapi na utafikaje kila siku, na nauli ya daladala ni swali la kitabibu kama lilivyo swali la sindano.

Nije kwenu familia, maana nimewaacha makusudi mpaka sasa.

Njooni naye. Leteni dawa zote anazokunywa, kadi ya kliniki, cheti cha hospitali, bima kama ipo. Mtaulizwa mlichokiona: alianza lini kubadilika, amewahi kuanguka, amewahi kuzimia. Mnaona mengi ambayo yeye hayakumbuki. Lakini ikifika mahali tukasema, mama, tunaomba usubiri pale nje kwenye benchi, toka. Toka bila kununa. Nimekaa na vijana ambao mama akiwa ndani jibu ni "bangi tu, mara moja moja", na mlango ukifungwa wanavua shati na kunionyesha kidonda cha sindano kwenye kwapa. Hawakuwa waongo. Walikuwa wanawahurumia mama zao.

Msimdanganye. Msimwambie anakwenda kumwona babu. Mtu aliyeletwa kwa uongo anatujibu kwa uongo, na nimekwisha waeleza uongo kwenye tathmini unafika wapi. Mwambieni: kuna nesi nataka ukaongee naye, utaongea naye wewe mwenyewe, na baada ya hapo tutaamua pamoja. Akikataa leo, muulizeni tena wiki ijayo. Kuna mtu alikataa mara sita, ya saba akaja peke yake saa moja asubuhi, mimi nikiwa ninafungua mlango.

Na msimwite teja mkiwa kwenye foleni. Sisi ndani tunamwita jina lake.

Mdogo wangu, mkitaka kujua. Baada ya degedege alilazwa, akatibiwa, akatoka, akarudi maskani, na kwa miaka mitatu hakumwamini mtu yeyote wa familia yetu mwenye gari. Ilipofunguliwa kliniki ya hapa Mwananyamala nilimwendea mwenyewe, kwa miguu, nikamwomba msamaha kwanza. Siku alipokwenda nilibaki kwenye benchi la nje. Alikaa ndani zaidi ya saa moja. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha pamba mkononi palipochukuliwa damu, akakaa karibu yangu, akasema: "Dada, yule kaniuliza mpaka nakula nini asubuhi." Akanyamaza. Kisha akasema: "Nimemwambia kuhusu gongo." Miaka yote ile alikuwa anajua kilichotaka kumuua ni nini, na hakuna aliyemuuliza.

Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Sitapokea maswali hapa kwenye maiki, kwa sababu maswali ya jambo hili yana majina ya watu ndani yake. Nitakaa pale chini ya mwembe mpaka adhuhuri. Nimeweka viti viwili tu, changu na cha atakayekuja. Aliyekuja na mwenzake, mmoja ataomba radhi asubiri huku.